Baiskeli Ikivua, Mpandaji Huvaa

Asubuhi ya Jumapili, kwenye barabara inayopanda kutoka Nairobi kwenda Limuru, hupishana waendesha baiskeli wa aina mbili. Mmoja anateremka na makopo ya maziwa kwenye keria, amevaa suruali nzito, sweta na buti za mpira. Mwingine anapanda, amebanwa na jezi ya rangi kali na kaptula nyeusi yenye sponji, viatu vyake vimenasa kwenye pedali. Mwenye maziwa akimtazama mwenzake huona madaha. Mwenye jezi akimtazama mwenye maziwa huona mtu aliyekosa pesa za kununua mavazi yanayofaa. Kumbe kila mmoja amevaa sawasawa, na wakibadilishana nguo wataumia wote wawili.

Sababu iko kwenye baiskeli zenyewe. Ile ya maziwa ina kiti kipana chenye springi, madigadi mbele na nyuma, kifuniko cha cheni, na usukani ulioinuka unaomwezesha mtu kukaa wima. Ile ya mashindano imevuliwa vyote hivyo ili iwe nyepesi na ipasue upepo. Lakini kazi iliyokuwa ikifanywa na vitu hivyo haikutoweka. Imehamia mwilini mwa mpandaji. Sponji ya kaptula inafanya kazi ya springi. Kitambaa cha kubana kinafanya kazi ya kifuniko cha cheni, kwa kuwa hakina upindo wa kunaswa. Mifuko ya mgongoni imechukua nafasi ya keria. Kwa ufupi, kile ambacho baiskeli imekivua, mpandaji hana budi kukivaa. Anayeishika kanuni hii hupata mwanga wa kujua avae nini kwa safari yoyote, na hujua pia ni wapi asipoteze pesa zake.

Njia mbili za tangu zamani

Baiskeli ya magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, yenye cheni inayozungusha gurudumu la nyuma, ilipata umaarufu kupitia kazi ya John Kemp Starley wa Coventry mwaka 1885. Iliwakuta wanawake wa Uingereza wakiwa ndani ya sketi ndefu zinazoburura chini. Yakajitokeza majibu mawili. La kwanza lilikuwa kubadili baiskeli: fremu ikainamishwa katikati, cheni ikafunikwa, na nyavu zikafungwa pembeni mwa gurudumu la nyuma ili sketi isiingie kwenye spoku. La pili lilikuwa kubadili nguo: baadhi ya wanawake wakavaa suruali pana zilizokusanywa chini ya magoti. Jibu hili la pili lilikuwa na gharama yake. Mwaka 1898 Lady Harberton, mtetezi mashuhuri wa mavazi hayo, alifika akiwa ameyavaa kwenye hoteli moja katika kijiji cha Ockham, kusini mwa Uingereza, akakataliwa kuhudumiwa ukumbini pamoja na wageni wengine wa heshima. Suala hilo lilifika mahakamani mwaka uliofuata, na upande wake ukashindwa.

Jibu la kwanza ndilo lililosafiri hadi Afrika Mashariki. Baiskeli nzito za Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye Hero za India na Phoenix za China zilizofuata umbo lilelile, zilikuja zikiwa zimevaa kila kitu. Ndiyo maana mwalimu aliweza kufika shuleni na suruali yake ya pasi, na shehe akafika msikitini na kanzu yake, bila yeyote kufikiri kwamba kuna mavazi ya baiskeli.

Wanamashindano wa Ulaya walishika njia nyingine. Walivaa jezi za sufu, ambayo hutunza joto hata ikilowa lakini hulegea na kuwa nzito mvua ikinyesha. Ndani ya kaptula zao palishonwa ngozi laini ya mnyama, iliyokakamaa kila ilipofuliwa hata ikabidi ipakwe mafuta kabla ya safari. Mwaka 1958 Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alivumbua uzi unaonyumbuka uliokuja kuitwa Lycra. Uzi huo ulipoingia kwenye kaptula za waendesha baiskeli, na sponji za viwandani zilipoiondoa ile ngozi, mavazi ya mashindano yakapata sura tunayoijua leo. Kubana kwake kulianza kama dawa ya shida halisi. Urembo ulifuata baadaye.

Kiti, jasho na upepo

Mambo matatu humsumbua kila mpandaji, kwa viwango tofauti.

La kwanza ni kiti. Aliyekaa wima huweka uzito wake juu ya mifupa miwili ya makalio, na kiti kipana chenye springi huipokea vizuri. Akiinama kushika usukani wa chini, uzito husogea mbele, kwenye nyama laini na mishipa ya fahamu. Hapohapo mapaja yanasugua kiti: kwa mizunguko 80 ya pedali kwa dakika, kila paja husugua mara 4,800 kwa saa. Msuguano ukichanganyika na jasho huzaa michubuko, kisha vipele, kisha majipu. Kaptula ya sponji imebuniwa kupambana na hayo, nayo huvaliwa bila chupi, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Wanunuzi wengi hudhani sponji nene zaidi ndiyo bora. La hasha: sponji nene ya bei rahisi hujikunja, hushika jasho na kuongeza msuguano. Muhimu ni sponji iliyokaa mahali mifupa ilipo, na kwa kuwa mifupa hiyo ya wanawake kwa kawaida imeachana zaidi, kaptula ya kike na ya kiume hazina sponji ya umbo moja.

La pili ni joto. Kati ya nishati yote ambayo mwili huitumia kuendesha baiskeli, takribani robo tu hufika kwenye pedali. Iliyobaki hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke. Lita moja ya jasho ikikauka ngozini huondoa takribani kilojuli 2,400, lakini ni jasho linalokauka tu linalopoza. Linalodondoka chini halijafanya kazi yoyote. Hapo ndipo Mombasa inapotofautiana na Nairobi. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho hukauka polepole, na kinachosaidia ni nguo pana au nyembamba sana inayoruhusu hewa kupita. Nyanda za juu hewa ni kavu zaidi, jasho hukauka haraka, na hatari hugeuka: unapanda umelowa, unateremka ukiganda. Pamba inasifiwa na kulaaniwa bila kuangalia jambo hili. Kwa safari fupi ya mjini Tanga, shati la pamba lililolegea ni vazi zuri. Shati hilohilo, likiwa limelowa jasho, kwenye mteremko wa kutoka Lushoto hadi Mombo ni barafu mgongoni.

La tatu ni upepo. Anayekwenda kilomita 15 kwa saa hausikii sana. Akiongeza mwendo mara mbili, nguvu anayohitaji kuushinda upepo huongezeka mara nane. Na sehemu kubwa ya upinzani huo hutokana na mwili wa mpandaji wala si baiskeli. Kwa hiyo shati linalopepea ni hasara kubwa kwa anayekimbia kilomita 40 kwa saa, na ni nafuu kwa anayekwenda 15, kwa sababu kupepea huko ndiko kunakompoza.

Kazini, shuleni na sokoni

Safari nyingi za baiskeli duniani ni fupi: kwenda kazini, shuleni, sokoni, msikitini au kanisani. Zina sifa mbili zinazoamua mavazi. Muda kwenye kiti ni mfupi, na mwisho wa safari kuna watu wa kukutana nao. Kwa safari ya nusu saa au pungufu, kwenye baiskeli ya kukaa wima, nguo ya kufikia ndiyo nguo ya kupandia. Waholanzi, ambao hutumia baiskeli kuliko karibu taifa lolote, hupanda wakiwa na makoti na suti zao, kwa sababu baiskeli zao za mjini zina madigadi, vifuniko vya cheni na taa.

Joto la kwetu linadai marekebisho mawili. Kwanza, mwendo: anayetoka mapema na kukanyaga taratibu hufika mkavu kuliko aliyenunua jezi ya bei kubwa akakimbia. Pili, mzigo uhame kutoka mgongoni kwenda kwenye keria au kikapu, maana begi la mgongoni huziba eneo kubwa ambalo jasho lingekaukia. Mwenye safari ndefu zaidi, tuseme saa moja kila upande, abebe shati la kubadilisha na kitambaa cha kujifutia. Bukta yenye sponji inaweza kuvaliwa chini ya suruali ya kawaida bila mtu kujua.

Mvua nayo ina hesabu yake. Koti lisilopitisha maji huzuia pia mvuke wa jasho kutoka, na kwenye mvua ya joto ya pwani utalowa kutoka ndani badala ya nje. Huko, la busara ni kuukinga mzigo na kuuacha mwili ulowe. Koti lina maana Kericho au Kabale, ambako mvua huja na baridi. Na popote pale, madigadi mawili hukinga zaidi kuliko koti, kwa kuwa maji machafu zaidi hutoka chini.

Wabeba mizigo

Mpandaji anayesahaulika katika mazungumzo haya ndiye anayepanda saa nyingi kuliko wote: muuza maziwa, mbeba mkaa, mleta ndizi kutoka vilima vya Burundi hadi Bujumbura, na yule wa boda boda ya pedali, biashara iliyoanzia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Kasi yake ni ndogo na mara kwa mara hushuka kusukuma. Anachohitaji ni nguo ngumu isiyochanika kwa kusuguana na gunia, na kiatu cha kutembelea. Viatu vinavyonasa kwenye pedali vingemwangusha mlimani, na kaptula ya kubana ingepasuka siku ya kwanza.

Lakini isidhaniwe kwamba kila anachovaa kinamfaa. Kandambili huteleza kwenye pedali iliyolowa, na kwenye mteremko wenye mzigo mguu hutumika kusaidia breki iliyochoka. Raba yenye soli ngumu, au sandali zenye mkanda wa kisigino, ni badiliko la bei ndogo lenye faida kubwa. Glavu nazo: mshipa wa fahamu wa kidole kidogo na cha pete hupita kwenye kitako cha kiganja, palepale panapoegemea usukani. Ganzi ya vidole hivyo ni ugonjwa wa kazi kwa anayeegemea siku nzima, na glavu zenye sponji kidogo huupunguza.

Barabara ndefu na mashindano

Anayepanda baiskeli nyepesi kwa saa mbili na zaidi ndiye hasa anayehitaji mavazi maalumu. Kaptula yenye mikanda ya mabegani ni bora kuliko ya lastiki kiunoni, kwa sababu lastiki hubana tumbo la mtu aliyeinama, na mikanda huzuia sponji isisogee. Jezi iwe ndefu nyuma kuliko mbele, iwe na mifuko mitatu mgongoni, na zipu ndefu. Zipu hiyo ndiyo kidhibiti joto: kwenye mlima hufunguliwa, kwenye mteremko hufungwa.

Milima ndiyo inayotofautisha barabara zetu na nyingi za wenzetu. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Kwenye njia kama ile mtu hupanda taratibu, upepo wa kumpoza ukiwa haba, kisha huteremka kwa kasi kubwa akiwa amelowa, na mzunguko huo hurudiwa saa baada ya saa. Mpandaji wa kawaida wa Usambara au Aberdare yuko kwenye hali hiyohiyo. Dawa ni vipande vya kuvaa na kuvua: mikono ya kitambaa ya kuvalia pamoja na jezi ya mikono mifupi, na kizibao chepesi cha kuzuia upepo kinachokunjwa kikaingia mfukoni. Wakongwe wa Alps walichomeka gazeti chini ya jezi kabla ya kuteremka, na ujanja huo bado unafanya kazi.

Kwenye mbio za kushindana na saa hesabu ni nyingine kabisa. Hapo upepo ndiye adui mkuu, na nguo huwa kipande kimoja kilichoshikana na ngozi. Mwaka 1989, baada ya zaidi ya kilomita 3,000 za Tour de France, Greg LeMond alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8. Siku ya mwisho LeMond alivaa kofia ndefu ya kupasua upepo na kutumia usukani wa kulalia, ilhali Fignon alipanda kichwa wazi, nywele zake zimefungwa mkia. Si rahisi kuzigawa sekunde hizo kati ya miguu na mavazi, lakini tangu siku hiyo hakuna timu iliyodharau upepo. Funzo kwa mpandaji wa kawaida liko upande wa pili: vazi hilo halina mifuko, huchosha kulivaa, na bila kasi kubwa halimpi faida yoyote. Ni vazi la mbio, libaki huko.

Changarawe na misitu

Mbio za barabara za changarawe zimepata makao Afrika Mashariki, hasa tangu Migration Gravel Race ilipoanza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara. Mpandaji wa changarawe anachanganya saa nyingi za mwanabarabara na vumbi, mitikisiko na upweke wa porini. Kaptula ya sponji ibaki, lakini jezi isibane sana, maana kasi imepungua na joto limeongezeka. Mikono mirefu myembamba ina faida kuliko mifupi, kwa sababu mionzi mikali ya jua huongezeka kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, na njia haina kivuli. Viatu viwe vya soli inayoruhusu kutembea, kwa kuwa mito na matope humshusha kila mtu. Miwani hapa ni kinga ya macho kabla ya kuwa urembo.

Msituni na kwenye vijia vya miamba, hatari kuu ni kuanguka na miiba. Mpandaji husimama juu ya pedali muda mwingi, kwa hiyo kiti humsumbua kidogo. Kaptula pana ya kitambaa kigumu, ikiwa na bukta ya sponji ndani, hukinga ngozi kuliko ile ya kubana, ambayo huchanika kwa mwiba mmoja wa mgunga. Glavu ziwe za vidole kamili. Kinga za magoti zina maana kwa anayeteremka kwa kasi, na ni mzigo wa bure kwa mgeni anayezunguka taratibu kati ya pundamilia wa Hell's Gate.

Stara na usalama

Mwanamke anayevaa buibui si mgeni kwenye baiskeli. Vijijini Unguja anaonekana kila siku. Tatizo lake kubwa ni vipande vinavyoning'inia: ncha ya khanga, upindo wa buibui, mtandio mrefu. Abiria aliyekaa upande kwenye keria yuko hatarini zaidi, kwa kuwa nguo yake iko karibu kabisa na spoku. Wavu wa gurudumu la nyuma, kifuniko cha cheni na fremu iliyoinama vinatatua sehemu kubwa ya tatizo bila kugusa stara ya mtu. Anayependa mbio anaweza kuvaa suruali ya kubana chini ya kanzu fupi isiyozidi magoti, na hijabu ya kitambaa chembamba kinachonyumbuka, kisicho na pini wala fundo chini ya kofia ngumu.

Kofia yenyewe iko nje ya kanuni ya kuvua na kuvaa, kwa kuwa hakuna baiskeli iliyowahi kumkinga mtu kichwa. Hata wanamashindano waliipinga kwa miaka mingi, mpaka kifo cha Andrei Kivilev wa Kazakhstan katika mbio za Paris–Nice za Machi 2003 kilipofanya iwe lazima.

Kuonekana nako ni kwa wote. Nairobi na Dar es Salaam giza huingia mapema na haraka mwaka mzima, wakati uleule watu wanapotoka kazini. Rangi za kung'aa kama njano ya limau hufanya kazi mchana tu. Usiku, bila mwanga wa jua, hufifia kama rangi nyingine. Usiku kinachohitajika ni vitambaa vya kurudisha mwanga wa taa za magari, na mahali pake pazuri zaidi ni vifundoni na magotini. Dereva akiona alama mbili zikipanda na kushuka hutambua mara moja kwamba ni mtu anayekanyaga pedali, kuliko akiona alama moja iliyotulia mgongoni. Mkanda wa kifundo hugharimu kidogo kuliko jaketi, na hapohapo hubana upindo wa suruali usiliwe na cheni.

Pesa zianzie wapi

Anayeanza safari ndefu na mfuko mdogo aanzie mwili unapogusana na baiskeli: kaptula moja nzuri ya sponji, kisha glavu, kisha viatu vya soli ngumu. Jezi ije mwisho, maana fulana yoyote nyepesi ya michezo inaweza kushika nafasi yake. Mitumba ya Gikomba au Karume hufaa kwa jezi, vizibao na makoti. Haifai kwa kaptula, kwa kuwa sponji iliyochoka haifufuki, wala kwa kofia ngumu, kwa kuwa iliyowahi kugonga chini huweza kuwa imepasuka ndani bila kuonyesha alama nje.

Anayetaka tu kwenda kazini au chuoni, pesa yake ya kwanza isiende kwenye nguo kabisa. Vijana wengi wa mijini hununua baiskeli zenye sura ya milimani, zisizo na madigadi wala kifuniko cha cheni, kisha huzipeleka kwenye barabara za lami. Mvua ya kwanza huwachora mstari wa tope mgongoni, cheni huwatafuna suruali, na wengi huamua kwamba baiskeli ni ya wanamichezo au ya waliokosa nauli. Kosa liko dukani, ambako waliuziwa baiskeli iliyovuliwa bila kuambiwa kwamba wao ndio watakaovaa badala yake. Madigadi, kifuniko, keria na taa kwa fundi wa mtaani huwa vya bei nafuu kuliko seti moja ya jezi na kaptula, na vikishafungwa, kabati lote la nguo linakuwa mavazi ya baiskeli.